Alizaliwa njiti, sasa ana miaka 6 na kifua hakitulii

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa safu hii. Mwanangu wa kwanza ana miaka 6, ameanza darasa la kwanza. Nilijifungua mimba ikiwa na wiki 28 kwa sababu presha ilinipanda wakaamua kunifanyia upasuaji. Alikuwa na kilo 1.1. Alikaa siku nne kwenye mashine ya kusukuma hewa puani, kisha oksijeni ya mrija wiki sita, halafu tukawa wodi ya kangaruu mpaka tuliporuhusiwa. Kwa akili namshukuru Mungu, anasoma na kuandika vizuri. Kifua ndicho kinachotuchosha.

Wenzake wakipata mafua wanapona ndani ya wiki, yeye kikohozi kinakwenda wiki tatu. Usiku kifua kinapiga filimbi. Akicheza chandimu ni wa kwanza kukaa pembeni, ameshika magoti anahema. Nimenunua sana antibiotiki duka la dawa, pamoja na ile dawa ya maji ya kufungua kifua, ila akiinywa mikono inatetemeka na moyo unamwenda mbio. Daktari mmoja alisema ni pumu, akaandika pampu. Mwingine akasema si pumu, akikua yataisha. Pampu ninayo, lakini nikimpulizia mdomoni anakohoa na kuitema, basi nimeiweka kabatini. Mwalimu amemkataza kukimbia, na mama mkwe hataki aoge maji baridi wala alale na feni.

Tunaishi nyumba ya kupanga Tabata, wapangaji watano, wote tunapikia mkaa koridoni. Mbu ni wengi, hivyo usiku tunachoma dawa ya mbu ya duara. Baba yake anavuta sigara lakini anatoka nje.

Naomba kujua: hii ni pumu? Itaisha? Kifua kikibana usiku nifanye nini? Nimruhusu acheze? La mwisho, nina mimba ya wiki 15 na naogopa haya yasijirudie.

Mama Nasri, Tabata

JIBU

Mama Nasri, tunaanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kusubiri. Mwanamke aliyewahi kupandwa na presha ya mimba hadi mtoto akatolewa wiki ya 28 yuko kwenye hatari kubwa ya kurudiwa, na dawa ya kupunguza hatari hiyo ipo: aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kila siku, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16. Nenda kliniki ya wajawazito kesho, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mwambie mhudumu kwa maneno haya haya: "Mimba iliyopita nilipata presha, nikafanyiwa upasuaji wiki ya 28." Usijinunulie mwenyewe, maana lazima kwanza upimwe presha na mkojo na kuulizwa kama una vidonda vya tumbo. Uliza pia kuhusu vidonge vya kalsiamu, ambavyo hupewa wajawazito wasiokula maziwa, dagaa na mboga za kutosha. Panga kujifungulia hospitali yenye wodi ya watoto wachanga mahututi, si zahanati. Ikionekana mtoto atalazimika kutoka kabla ya wiki ya 34, uliza mapema kuhusu sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu: miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Faida yake hutimia zaidi saa 24 zikipita kati ya sindano ya kwanza na kuzaliwa, ndiyo maana kufika hospitali mapema kuna maana kubwa.

Sasa Nasri. Madaktari wako wawili kila mmoja ameshika upande wake wa ukweli. Kwa maelezo yako, inaelekea kila mmoja alisikiliza kifua cha siku ile bila kuuliza mtoto huyu alizaliwa na wiki ngapi.

Mapafu huchelewa kukamilika. Ute unaozuia vifuko vya hewa visijifunge kila mtoto anapotoa pumzi huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24, na kwa kawaida hutosha karibu na wiki ya 34 au 35. Vifuko vyenyewe, ambavyo mtu mzima ana kati ya milioni 300 na 500, huanza kujengeka kwa wingi mwishoni kabisa mwa mimba na kuendelea miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Nasri alianza kutumia mapafu yake wiki ya 28, jengo likiwa bado kwenye msingi. Mashine na oksijeni vilimwokoa, hakuna ubishi. Lakini msukumo wa hewa na oksijeni nyingi huumiza tishu changa, na tishu iliyoumia katika umri ule haijengi vifuko kama ilivyokusudiwa. Hubaki na vifuko vichache vilivyo vikubwa mno, na njia za hewa nyembamba zenye misuli inayojikaza upesi.

Siku nne za mashine na wiki sita za oksijeni zinapita siku 28, kiwango ambacho madaktari hukitumia kusema mtoto ana ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti. Kwa kuwa aliachana na oksijeni akiwa na wiki 34 na ushee kwa kuhesabu tangu mimba, yaani kabla ya wiki ya 36, wake unahesabiwa wa kiwango chepesi. Tafuta karatasi yake ya kuruhusiwa. Huenda umeandikwa kwa herufi BPD au CLD. William Northway na wenzake waliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kule California mwaka 1967, kwa hiyo kuna watu wazima waliozaliwa hivyo ambao sasa wanakaribia miaka 60. Kwa kuwafuatilia watu wa namna hiyo ndipo ilipojulikana kwamba kifua cha njiti hakipaswi kusahauliwa mtoto akishatoka wodini.

Je, ni pumu? Mlio ni uleule, chanzo mara nyingi ni tofauti. Kwenye pumu ya kawaida njia za hewa huvimba kwa mzio, zikibana zinabana kweli, zikiachia mtoto anapumua sawa na wenzake. Mtoto wa namna hii mara nyingi ana upele wa mzio kwenye mikunjo ya ngozi, anapiga chafya asubuhi, au ana mzazi mwenye pumu. Kwa njiti njia ni nyembamba siku zote, hata siku asiyokohoa. Mafua yakija yanaongeza uvimbe kidogo tu na nafasi inakwisha. Ndiyo maana mafua ya wiki moja kwa wenzake ni ya wiki tatu kwake. Kuna watoto wenye vyote viwili. Kusikiliza kwa masikio peke yake hakutenganishi.

Kinachotenganisha ni kipimo cha kupuliza kiitwacho spirometria, na mtoto wa miaka 6 anaweza kukifanya akielekezwa vizuri. Anakaa wima, pua inabanwa, anavuta hewa hadi mwisho kisha anaipuliza yote kwa nguvu. Hurudia mpaka ipatikane mipulizo mitatu inayofanana. Baadaye hupewa pampu ya salbutamo, dawa ya kufungua njia za hewa, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi, mbano unafunguka kwa dawa. Isipoongezeka na ikabaki chini, sehemu kubwa ya tatizo ni maumbile ya njia zenyewe. Asubuhi ya kipimo usimpe pampu kwa saa 4 hadi 6 kabla, isipokuwa amebanwa; na asipimwe akiwa na mafua, subiri wiki tatu au nne zipite. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2013, ulionyesha kwamba hewa hiyo ya sekunde ya kwanza kwa waliozaliwa kabla ya wakati lakini bila ugonjwa sugu wa mapafu ni pungufu kwa karibu asilimia 7 kwa wastani, na kwa waliokuwa na ugonjwa sugu kama Nasri ni pungufu kwa asilimia 16 hadi 19. Upungufu huo mtoto anaishi nao bila kuonekana mgonjwa, mpaka akimbie au apate mafua.

Njia ya kukifikia kipimo ni kuanzia kituo chako cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa upande wenu Amana, uombe rufaa ya kliniki ya kifua ya watoto Muhimbili. Nasri ameshapita miaka 5, hivyo msamaha wa gharama wa watoto wadogo umemwisha. Kama ana bima, hakikisha rufaa imeandikwa kabla ya kwenda. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la matibabu andika kwa wino: wiki alizozaliwa, uzito, siku za mashine, siku za oksijeni. Kila mhudumu mpya aone hapo kwanza.

Kuhusu ile dawa ya maji. Salbutamo ya kunywa lazima izunguke mwili mzima kabla ya kufika kwenye mapafu, hivyo dozi yake ni kubwa mara nyingi zaidi ya ile ya pampu, inachelewa kufanya kazi, na kutetemeka na moyo kwenda mbio ndiyo bei yake. Iache. Pampu ikitumika sawasawa inapeleka mikrogramu 100 kwa mpulizo mmoja palepale zinapohitajika. Tatizo lako si pampu, ni namna inavyotolewa. Ukimpulizia mtoto moja kwa moja mdomoni, dawa inatoka kwa kasi na kugonga koo, sehemu kubwa inaishia kwenye ulimi, na ndiyo anayoikohoa na kuitema. Anahitaji chombo cha kati, spesa, kinachoituliza dawa ili aivute polepole.

Spesa za dukani zipo kwenye famasi kubwa, na si rahisi kwa bei. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, ikizibwa vizuri pale pampu inapoingia, inafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha povu hakikufaulu. Hivyo chukua chupa ya maji ya nusu lita, ngumu kiasi, isiyobonyea ovyo. Kwenye kitako chake chora umbo la mdomo wa pampu. Toka nje, mtoto awe mbali na moshi wa plastiki, pasha waya au ncha ya kisu, yeyusha kwa kufuata mchoro, ukiacha tundu dogo kidogo kuliko mdomo wa pampu ili iingie kwa kubana. Toa vipande vyote vya plastiki vilivyobaki ndani. Ingiza pampu, kisha funga plasta pande zote hadi hewa isipite. Pakivuja, faida yote inapungua. Mtoto atavutia upande wa mdomo wa chupa.

Hapa wengi hukosea: usiipanguse kwa kitambaa. Plastiki iliyosuguliwa huwa na umeme tuli, na dawa hujinatisha kwenye kuta badala ya kwenda kifuani. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, usiisuuze ndani, iinamishe ikauke yenyewe. Suuza tu pale mdomo wa mtoto unapogusa. Rudia mara moja kwa wiki, na ikipasuka tengeneza nyingine.

Wakati wa kutumia, mtoto akae wima, usimlaze. Tikisa pampu. Midomo izunguke mdomo wa chupa bila kuacha upenyo. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi taratibu mara 5 au 6, akibaki amefunga midomo. Subiri nusu dakika, tikisa tena, bonyeza tena. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa. Mtoto wa chini ya miaka 4 hawezi kushika kwa midomo, huyo anahitaji spesa yenye barakoa. Pampu nyingi za salbutamo zina mipulizo 200. Ikiwa yako haina kihesabio, andika tarehe uliyoifungua na uhesabu, kwa sababu pampu iliyokwisha dawa huendelea kutoa mvuke kana kwamba bado imejaa. Hilo limewaponza wengi usiku wa manane.

Kifua kikibana usiku, mkalishe, mpe mipulizo 2 hadi 4, mmoja mmoja kama tulivyoeleza. Angalia saa. Baada ya dakika 20 akiwa bado anahangaika, rudia, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Njiani endelea hivyo kila dakika 20. Akipata nafuu kisha akabanwa tena kabla ya saa 3 au 4 kupita, aonwe siku hiyohiyo. Usingoje dakika zozote kama hawezi kumaliza sentensi, ngozi kati ya mbavu au juu ya kidari inazama anapovuta pumzi, tundu za pua zinatanuka, amelegea na ana usingizi usio wa kawaida, au ulimi na sehemu ya ndani ya midomo imekuwa ya kijivu au bluu. Kwa watoto weusi angalia ulimi na ndani ya midomo, maana kucha na uso hudanganya. Jizoeze kuhesabu pumzi zake akiwa amelala mzima, dakika moja kamili. Umri wake hupumua takriban mara 18 hadi 25. Akifika 30 au zaidi akiwa ametulia, mambo si mazuri. Kifaa cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kikionyesha chini ya asilimia 92, nenda hospitali, na chini ya 90 ni dharura. Fahamu tu kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho mara nyingine husoma juu kuliko ukweli, hivyo mtoto anayehangaika usimwache kwa sababu namba inaonekana nzuri.

Ikiwa anahitaji salbutamo zaidi ya siku mbili kwa wiki, daktari atafikiria pampu ya pili, ya kuzuia, yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Kwa njiti haifanyi kazi kwa kila mtoto. Utafiti wa Wales uliochapishwa mwaka 2022, kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 waliozaliwa kabla ya wakati na wenye mapafu dhaifu, ulionyesha kwamba steroidi pamoja na dawa ya kufungua njia za hewa inayodumu muda mrefu iliongeza hewa waliyopuliza ndani ya wiki 12. Kwa hiyo utaratibu wa busara ni kujaribu kwa muda uliopangwa, wiki 8 hadi 12, kisha kupima tena. Ikisaidia inaendelea, isiposaidia inasimamishwa. Usiiache kimyakimya katikati wala usiiendeleze miaka bila kupima. Akimaliza kuivuta asukutue na kutema.

Tufike kwenye moshi. Hapa kuna kazi kubwa kuliko kwenye dawa, na tunasema hivi tukijua kodi na maisha ya Dar yalivyo. Mapafu ya Nasri hayana akiba ya kutupa. Uwezo wa mapafu ya binadamu hupanda hadi miaka 20 hadi 25, kisha hushuka taratibu maisha yote. Anayefika kileleni akiwa chini, akashushwa tena na moshi, anaweza kupata ugonjwa wa kuziba mapafu katika umri ambao wenzake bado wana nguvu.

Anza na dawa ya mbu ya duara, kwa sababu unaweza kuiacha leo. Kipimo kilichofanywa na watafiti na kuchapishwa mwaka 2003 kilionyesha kwamba duara moja likiungua lote hutoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137, na wewe unaiwasha chumba kikiwa kimefungwa, mtoto amelala, saa nyingi. Chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinatosha. Ongeza wavu dirishani ukiweza. Udi na ubani navyo visifukizwe chumba anacholala.

Majiko matano ya mkaa koridoni ni jambo la wapangaji wote, na inafaa mzungumze kwa upole, ukiwaeleza hali ya mtoto. La kwanza kuomba ni majiko yawashiwe uani, maana moshi mzito hutoka wakati wa kuwasha; yaingizwe mkaa ukishakuwa mwekundu wote. Hata hapo mkaa mwekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, hivyo jiko lisiingizwe kamwe chumbani kwa ajili ya joto au mvua. Kwa familia yako, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 kwa chai, uji, mayai na mboga unapunguza sehemu kubwa ya moshi. Kinachowarudisha watu kwenye mkaa ni maharage na makande. Loweka usiku kucha, au kama umeme upo, sufuria la presha la umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga Watanzania asilimia 80 wahame mkaa na kuni ifikapo 2034, lakini mapafu ya Nasri yanakua sasa hivi. Na wewe mjamzito moshi huo unakugusa pia.

Baba Nasri akitoka nje anapunguza, hamalizi. Kemikali za moshi hubaki kwenye shati, nywele na vidole, na pumzi yake huendelea kutoa mabaki kwa muda baada ya sigara ya mwisho. Abadilishe shati, anawe mikono na uso kabla ya kumshika mtoto. Kuacha kabisa ndiyo dawa. Wanaochoma taka mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ndiye wa kumwendea.

Feni na maji baridi havileti ugonjwa huu, mweleze mama mkwe kwa heshima. Futa tu vumbi kwenye mapanga ya feni kila wiki.

Antibiotiki za duka la dawa ziachwe. Mafua mengi ya watoto ni virusi, na antibiotiki haziui virusi. Kuna hali moja ambayo huhitaji antibiotiki kweli: kikohozi chenye makohozi kila siku kwa zaidi ya wiki nne, ambacho daktari hutibu kwa dozi ya wiki mbili, si ya siku tatu. Kikohozi kinachopita wiki mbili katika nchi yetu lazima kipimwe TB, hata kama mtoto ana sababu nyingine ya kukohoa, na hata kama alichanjwa BCG, chanjo ya TB. Watoto wengi hawawezi kutema makohozi. Mwambie daktari, maana kipimo kinaweza kufanywa hata kwa kinyesi. Selimundu na VVU navyo vipimwe mara moja kama havijapimwa. Ukisikia mlio anapovuta hewa ndani badala ya anapoitoa, au sauti yake ni ya kukwaruza siku zote, liseme kliniki. Huo ni mlio wa kooni, si wa kifuani, na hautibiwi kwa pampu.

Angalia kadi yake ya chanjo: pentavalenti na chanjo ya nimonia dozi tatu tatu, surua na rubela dozi mbili, miezi 9 na miezi 18. Njiti huchanjwa kwa umri wake wa kuzaliwa, si kwa umri uliorekebishwa, yaani unaohesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa, na wengi hucheleweshwa kwa sababu walikuwa wadogo kwa umbo. Chanjo ya mafua makali haimo kwenye ratiba ya taifa, ila baadhi ya hospitali binafsi huwa nayo. Kwa kifua kama chake inafaa kila mwaka.

Umeuliza kama itaisha. Kubanwa kwa mafua huwa kunapungua kadiri njia za hewa zinavyopanuka, na watoto wengi wa aina yake wanaonekana wazima wakifika sekondari. Lakini njia nyembamba hubaki, kwa hiyo apimwe spirometria angalau kila mwaka au miaka miwili, pamoja na presha ya damu kila mwaka, maana waliozaliwa njiti huwa na presha ya juu kidogo. Akifika ujana aelezwe wazi kuhusu sigara na shisha, na siku ya kuchagua ufundi afikirie mara mbili kuhusu uchomeleaji, upakaji rangi na kiwanda cha saruji.

Na acheze. Kumkataza kukimbia kunamdhoofisha moyo na misuli, kisha anahema zaidi, kisha anakatazwa zaidi. Kinachombana ni kuanza kwa kasi. Aanze na dakika 10 hadi 15 za kutembea haraka na mbio fupi za vipindi, ndipo aingie chandimu. Daktari akikubali, mipulizo 2 ya salbutamo dakika 15 kabla. Akae golikipa au beki siku za mafua, apumzike siku za homa. Mwandikie mwalimu barua fupi: mtoto alizaliwa wiki ya 28, anaruhusiwa michezo yote, apashe mwili kwanza, akihema apumzike mpaka aweze kuongea sentensi nzima, pampu na chupa yake viko kwenye begi, na namba yako ya simu hii hapa. Mpe mwezi mmoja. Ikiwa kwa mwendo huo bado anaishia pembeni wa kwanza, au anazimia, au midomo inabadilika rangi akikimbia, mrudishe kliniki aandikiwe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kuangalia kama presha ya mishipa ya mapafu imepanda.